Nahodha Nemo na Chazo wa Ngumi

Katika riwaya ya Jules Verne ya safari ya chini ya bahari, ile iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1870, kuna ukurasa ambao mvuvi yeyote wa zamani wa Ngumi angeusikiliza huku akiitikia kwa kichwa. Ni mwezi wa Aprili 1868. Nyambizi iitwayo Nautilus imeibuka karibu na pwani ya Guyana, kaskazini ya mdomo wa mto Amazon, na mabaharia wamewaona kasa wakubwa wamelala juu ya maji. Kumsogelea kasa aliyelala si kazi nyepesi. Sauti ndogo humwamsha, na ukimrushia chusa hugonga gamba kikateleza. Basi watu wa Nahodha Nemo wanawatoa samaki fulani waliowanasa siku hiyo, samaki wenye kibandiko juu ya kichwa. Wanawavisha pete mkiani, pete wanaifunga kamba, na ncha ya pili ya kamba inabaki chomboni. Samaki wanatupwa majini, wanakwenda moja kwa moja kuwang'ang'ania kasa, na kilichobaki ni kuvuta.

Samaki huyo kwetu ni chazo.

Visiwa vya Wabajuni vimejipanga sambamba na bara kutoka kusini ya Kismayo hadi upande wa Ras Kiamboni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo visivyo na mkaazi ila ndege na kaa. Ukoo wa mama yangu hujiita watu wa Ngumi, ingawa nyumba zao za mwisho kabla ya vita zilikuwa Kismayo. Mjomba wangu, ambaye sasa yuko Mombasa na amefikia umri wa kuyapima maneno kabla ya kuyatoa, alivua kasa kwa chazo alipokuwa kijana. Nilipomfasiria ukurasa ule hakuona ajabu yoyote. Aliuliza jambo moja tu: "Huyo mwenye kitabu alivua bahari ipi?"

Hakuvua popote. Verne alikuwa mtu wa Nantes, akimiliki mashua iliyotia nanga Le Crotoy, kaskazini ya Ufaransa, na sehemu kubwa ya riwaya hii aliiandikia huko. Lakini habari za kasa na chazo alizitoa vitabuni, nazo vitabuni zilikuwemo tangu zamani. Wahispania waliofuatana na Columbus waliwaona wavuvi wa Cuba wakivua hivyo mwaka 1494, na waandishi wa Ulaya wakanakiliana habari ile kizazi baada ya kizazi. Ya kwetu ndiyo iliyochelewa kufika mezani kwao. Frederic Holmwood, aliyekuwa akiitumikia Uingereza Unguja, alipeleka London taarifa kuhusu wavuvi wa pwani hii na chazo wao mwaka 1884, yaani miaka 14 baada ya riwaya. Na Mtaliano Vinigi Grottanelli ndiye aliyetoa kitabu kizima juu ya wavuvi Wabajuni mwaka 1955.

Verne aliifupisha kazi yenyewe, kwa hiyo nairefusha kidogo kama nilivyoipokea kwa mjomba. Kibandiko cha chazo ni pezi la mgongoni lililogeuka umbo na kuhamia kichwani, lenye mistari ya vibapa vilivyolala pande mbili. Ukimvuta kwa nyuma anazidi kukaza, na ndiyo sababu mshipi hufungwa mkiani. Ukitaka aachie, msukume mbele, taratibu, kwa kidole gumba. Mshipi hufungwa pale mkia unapoanzia, si kwenye pezi, maana pezi hupasuka. Njiani huwekwa ndani ya mtumbwi penye maji ya chumvi, na maji hayo hubadilishwa mara kwa mara. Akionekana kasa, chazo hurushwa mbali, kwa sababu ukimwachia karibu atajibandika chini ya mtumbwi huohuo uliomleta, na hapo mvuvi huchekwa hadi jioni. Akishamshika kasa, hapavutwi kwa pupa. Kasa mkubwa hupiga mbizi, mshipi unaachiwa, kisha mtu anashuka akiufuata mshipi kwa mkono hadi alipo, amfunge kamba kwenye pezi la mbele. Kama nyama yake ni halali au si halali, huo ni mjadala wa masheikh na mimi siuingilii. Biashara ilikuwa magamba ya ng'amba, na ni ya kale: ile Periplus ya karne ya kwanza, mwongozo wa wafanyabiashara Wagiriki wa Misri, inayataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za pwani ya Azania, na inavitaja vyombo vya kushonwa pamoja na mitumbwi ya kuvulia kasa.

Kwa nini nakipenda kitabu hiki? Niseme mapema, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani nakichukia.

Vingt mille lieues sous les mers kilianza kutoka kipande kwa kipande katika jarida la mchapishaji Hetzel mwaka 1869. Profesa Aronnax wa Paris, mtumishi wake Conseil na mpiga chusa wa Kanada aitwaye Ned Land wanaangukia mikononi mwa Nahodha Nemo, ndani ya nyambizi ya mita 70 inayokwenda kwa umeme, wakati miji mikubwa ya Ulaya ilikuwa bado inamulika barabara zake kwa gesi. Hayo ya mitambo ndiyo yaliyokifanya kiitwe mzee wa bunilizi za kisayansi, nami nayapita haraka, kwa kuwa nyambizi za kweli zimeshatuzoesha. Aliyenishika mimi ni Nemo. Chumbani mwake ametundika picha za Kosciuszko wa Poland, O'Connell wa Ireland, Lincoln, na John Brown akining'inia kwenye kitanzi. Anawapelekea dhahabu waasi wa Krete wanaopigana na dola ya Waturuki. Dhahabu hiyo anaizoa kwenye merikebu za Kihispania zilizozama ghuba ya Vigo mwaka 1702, mali iliyoporwa kwa wenyeji wa Marekani ya Kilatini. Huko Ceylon anamwokoa mzamia lulu maskini kinywani mwa papa, anamtia mkononi mfuko wa lulu, kisha anamwambia Aronnax kwamba mtu yule ni wa nchi ya wanaoonewa, na kwamba yeye mwenyewe ni wa nchi hiyohiyo mpaka kufa.

Verne alikusudia Nemo awe Mpolandi mwenye kisasi na Warusi. Hetzel akaogopa, kwani vitabu vyake viliuzwa Urusi. Basi katika riwaya hii taifa la Nemo halitajwi kabisa, hadi tunapofika L'Île mystérieuse ya mwaka 1875, ambamo anatoka gizani kuwa Mwanamfalme Dakkar wa Bundelkhand, Mhindi aliyepigana na Waingereza katika uasi wa 1857 na kupoteza familia yake. Kijana wa pwani aliyefundishwa historia ya bahari hii kama orodha ya waliokuja kuitawala, Mreno, Momani, Mwingereza, Mtaliano, akimkuta bwana wa chombo kinachozishinda manuwari zote za dunia, na bwana huyo ni Mhindi, kitabu hakitoki mkononi. Mimi hakikutoka. Na nilikisoma katika Kiingereza chake kibovu, kile cha Lewis Mercier cha mwaka 1872, kilichokata karibu robo ya maneno ya Verne na kuwavisha wazamiaji makoti ya boya, kana kwamba mtu huteremka chini ya bahari kwa kuvaa kitu cha kumwelesha.

Kisha tunafika Mlango wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya, Januari 1868.

Nautilus inapanda mwamba. Nemo hashtuki: anasema atangoja bamvua la mbalamwezi limnyanyue. Katika siku hizo za kungoja, watu wa kisiwa wanakuja na mitumbwi yao kukizunguka chombo. Ned Land ana hakika ni wala watu, na Aronnax, pamoja na usomi wake, habishani naye sana. Alasiri ya tarehe 9 milango inafunguliwa, wenyeji wanataka kuingia, na kila anayeshika kishikio cha ngazi anarushwa nyuma akipiga mayowe, kwa sababu Nemo ameupitisha umeme ndani yake. Ned naye anashika, naye anaruka, na anatukana. Sura yote imeandikwa ili tucheke.

Nilipokuwa kijana nilicheka. Sasa sicheki, na si kwa sababu ya adabu za zama hizi tu. Watu wa visiwa vya Torres ni miongoni mwa mabingwa wakubwa ambao dunia imewajua wa kumvua kasa kwa chazo. John MacGillivray, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa katika manuwari ya Kiingereza Rattlesnake, alieleza jinsi wanavyomfunga samaki huyo mshipi mkiani, na kitabu chake kilitoka mwaka 1852. Alfred Haddon alifika huko mwaka 1888 na akayakuta yaleyale, akayaandika kwa marefu. Kwa hiyo Verne aliwakuta mafundi wa kazi ile mlangoni pa Nautilus, akawapiga umeme. Baadaye, mbali kabisa, katika pwani ambayo hatuoneshwi hata mwenyeji mmoja, akawapa kazi hiyohiyo mabaharia wa Nemo, na tunatakiwa tustaajabie werevu wao. Ujuzi umepandishwa chomboni, mwenye ujuzi amebaki ngazini.

Sidai kwamba Verne alijua na akaficha. Pengine hakuyaunganisha mambo mawili yaliyokuwa katika rafu mbili tofauti. Lakini kuyatenganisha huko ndiko kunakonikera zaidi kuliko matusi ya wazi, maana tusi utalijibu. Utafanya nini na kitabu kilichokijua chombo cha babu yako na kisimjue babu yako?

Umbali wenyewe ulikuwa mdogo. Katika riwaya, Nautilus inatoka Ceylon, inapita ghuba ya Oman, inaiona Muscat kwa mbali na majumba yake meupe juu ya miamba, na tarehe 6 Februari 1868 iko mbele ya Aden. Februari ni kaskazi. Kama Verne angepandisha kioo cha kutazamia juu ya maji, angekuta bahari ile imejaa tanga za majahazi yanayoteremka kutoka Oman na Hadhramaut kuja Mogadishu, Barawa, Lamu na Unguja ya Sultani Majid. Hakuona jahazi lolote la kutaja. Akageuza kulia, akaingia Bahari ya Shamu, na sisi tukabaki kushoto.

Huko Bahari ya Shamu ndiko anakouawa nguva. Hili nalo linanihusu, kwa sababu maji ya Wabajuni, kuanzia visiwa vyetu hadi Kiunga ambako Kenya ilitenga hifadhi ya bahari mwaka 1979, ni katika sehemu chache za Afrika Mashariki ambako nguva waliendelea kuonekana. Ned Land anamfukuza kwa mashua, mnyama anageuka na kushambulia, karibu awazamishe, kisha anachomwa moyoni. Anapimwa: zaidi ya mita 7, kilo 5,000. Niliposema kilo hizo mjomba alicheka mpaka akakohoa. Nguva wa kweli ni mita 3 hivi, na akifika kilo mia nne ni mnyama mzima aliyeshiba, naye ni mpole, chakula chake majani ya baharini. Ukali huo Verne aliutoa kwingine.

Lakini katika sura hiyohiyo, kabla ya chusa kurushwa, Conseil anauliza swali ambalo sikulitarajia katika kitabu cha 1870: itakuwaje ikiwa huyu ndiye wa mwisho wa aina yake, si afadhali aachwe? Ned anajibu kwamba kwa upande wa jikoni ni afadhali achinjwe. Na katika sura ya kasa na chazo, kabla ya mabaharia kuwaua nguva wa Guyana nusu dazeni kwa ajili ya ghala, Aronnax anaeleza kwamba wanyama hao wakimalizwa majani yataoza na kuleta homa ya manjano. Sayansi yake hapo ni ya kubahatisha, kwani homa ile huletwa na mbu. Ila wazo la kwamba mnyama ana kazi yake baharini, na kwamba kumwondoa kuna malipo, watu wa idara za uvuvi walilifikia muda mrefu baada yake. Ndivyo Verne alivyo: anakuudhi ukurasa huu, na unaofuata anakuwa ndiye mwenzako pekee wa kuongea naye.

Jambo ambalo sijalimeza mpaka leo ni falsafa ya Nemo kuhusu bahari yenyewe. Anaisifu mbele ya Aronnax kwa maneno matamu kupita yote kitabuni: kwamba haina madhalimu, kwamba juu ya uso wake wanaweza kupigana na kuuana, lakini mita kumi chini amri yao inakatika, na hapo ndipo mtu anapokuwa huru. Nilipokuwa shule niliyajua kwa moyo. Nani asiyetaka mahali ambapo serikali haifiki?

Wabajuni wamepaona mahali hapo. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Jubaland kwa Italia, na mpaka ukapita katikati ya watu wenye lugha moja na ndoa za kuvukiana. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ikaanguka, na pwani ya Kismayo ikapita mikononi mwa kundi baada ya kundi la wenye bunduki. Watu wa visiwani, wasio na jeshi wala ukoo mkubwa wa kuwakinga, wakapanda mashua wakaja Lamu, Malindi na Mombasa. Wengi wao walikaa kambi ya Jomvu. Nyuma yao bahari ikabaki kama Nemo alivyoitamani, bila dola. Na kilichokuja hakikuwa uhuru. Zilikuja meli za uvuvi kutoka nchi za mbali, zenye taa kali na nyavu za kukokota, zikavua usiku na mchana mahali ambapo mvuvi wa visiwani alikuwa akienda kwa tanga moja. Palipokosa mwenyewe, mwenye chombo kikubwa ndiye aliyekuwa Nemo.

Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilitoa hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, kesi iliyofunguliwa na Somalia mwaka 2014. Mstari unaanzia pwani ile ile, jirani na Ras Kiamboni. Somalia ilipata sehemu kubwa ya ilichodai, Kenya ikasema haiitambui hukumu. Katika magazeti tuliandika mengi kuhusu mafuta na gesi. Majina ya miamba ya kuvulia, ambayo kila mmoja una jina lake na watu wake wanaojua msimu wake, hayakuhitajika katika makala zile, na nakiri mwandishi wa habari hana pa kuyapachika. Mwandishi wa riwaya anapo.

Na riwaya hiyo haijaandikwa. Katama Mkangi alipotoa Walenisi mwaka 1995 alionyesha kwamba bunilizi ya namna hii inaweza kuzaliwa pwani yetu, kwa Kiswahili, na ikawasema watawala wetu bila kuwataja. Yeye alipaa angani. Chini ya maji hatujashuka bado, sisi ambao tunaishi juu yake. Nikifikiria nani angeongoza chombo cha namna hiyo katika kitabu chetu, simwoni mwanamfalme. Namwona mtu anayejua lini maji yanapwa Ngumi.

Maana hata Nemo, kwa upande huo, hakumridhisha mjomba. Nilimsomea habari ya Torres kwa urefu, nikitazamia aghadhibike kwa ajili ya wale waliopigwa umeme. Yeye alikuwa bado yuko kwenye mwamba. Aliniuliza ni saa ngapi chombo kilipanda. Saa tisa alasiri, nikamwambia, na kitabu kinasema maji yalikuwa karibu kujaa.

"Yamejaa, naye akapanda?"

"Ndivyo."

"Ukipanda mwamba maji yanajaa, yatakunyanyua. Ukipanda yamekwisha kujaa, utangoja bamvua. Huyo hakuwa na rubani." Akafikiri kidogo. "Na wale wenye mitumbwi walikuwa wapi wakati huo?"

Nikamwambia walikuja baadaye, wakamzunguka, ndipo alipowatilia umeme ngazini.

"Basi marubani walimjia wenyewe," akasema, "na bado akakaa kumngoja mwezi."